Anayekimbia Nyuma Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nina bahati mpaka najionea wivu! Ndugu wote tumepimwa, na figo iliyokubaliana na mwili wa kaka ni yangu — mimi Bonge, fundi makochi, niliyeitoroka shule kabla haijanichoka. Wenye digrii zao wamekaa benchi. Nesi kacheka: figo safi, ila imefungwa kwenye furushi kubwa mno. Daktari hanipasui mpaka nipungue kilo kumi na kitu. Nikamwambia, dada, mimi nimepakia meli, nimelala njaa, nimekula kwenye hoteli za wakubwa. Mafuta yangu yananitii. Yataondoka yenyewe!

Kaka naye kacheka mpaka akakohoa. Kanipa raba zake. Alikuwa refa miaka mingi, raba hizo zimekimbia kuliko wachezaji. Zinanibana kidogo. Tumbo likipungua, na miguu itapungua.

Jumamosi, 8 Machi

Ovyo. Uwanja wa shule: mzunguko wa kwanza nimekimbia, wa pili nimetembea, wa tatu nimeukalia. Jana sikwenda — mvua. Juzi sikwenda — sababu siikumbuki, lakini ilikuwa nzuri. Mke wangu anasema mbio ninazozijua ni za kuiwahi sahani.

Karakanani kila kochi nikilimaliza lazima nilikalie mwenyewe. Likinibeba mimi, litambeba mteja, wakwe zake na ugomvi wao. La leo lilikuwa tamu. Nililala humo mpaka mwenyewe akaja kulichukua.

Jumatano, 12 Machi

Alfajiri, ukungu. Mtu anakimbia nyuma yangu. Nikageuka — hakuna. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Hatua nyepesi, vidole vinatangulia kutua, kama mtu anayekimbia kinyumenyume. Ndivyo wanavyokimbia marefa, macho yasiuache mpira.

Nimemaliza mizunguko yote bila kusimama. Kumbe dawa ya uvivu ni hii!

Jumapili, 23 Machi

Mizani imeshuka! Suruali naishikilia kwa mkono. Mafundi wenzangu wananiuliza siri, nawaambia ni nia tu. Sikosi hata siku moja.

Nikisimama, na yeye anasimama. Kwenye kona nasikia pumzi, pumzi za mtu aliyechoka sana. Sijamwambia yeyote. Wataniita kichaa, na kichaa hatolewi figo.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kumwona kaka. Shemeji akanivuta jikoni, sauti chini. Eti kila alfajiri kaka anachezesha miguu kitandani, shuka linaanguka, jasho linamtoka, kisha analala mchana kutwa kama mtu aliyetoka kubeba zege. Nesi anadhani ni ile mashine ya kumsafisha damu. Nikamuuliza ilianza lini. Akafikiri. Tangu ile asubuhi ya ukungu.

Nikaingia chumbani na utani wangu. Refa, mbona unalala mechi haijaisha? Akanitazama. Amekonda uso, miguu imevimba.

"Mdogo wangu, jana ulikata kona pale golini. Ningekuwa na kadi ningekuonyesha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na punguza mwendo kidogo. Unanichosha."

Uwanja wenyewe uko upande wa pili wa mji. Dirisha la kaka linatazama ukuta.

Alhamisi, 27 Machi

Jana na leo sijakimbia. Shemeji kapiga simu kwa furaha: kaka kalala kama mtoto, kala, kauliza matokeo ya mpira. Nikafurahi na mimi. Kisha nesi akaniita kwenye mizani. Imepanda! Chumba cha upasuaji tumewekewa wiki ijayo. Nikiwa mzito, nafasi anapewa mwingine, na nesi kaniambia wazi kwamba kaka hana nguvu za kungoja nyingine.

Nikikimbia, namchosha. Nisipokimbia, namzika. Nani wa kunifumbulia hiyo!

Nikajaribu ujanja. Nikafunga mlango wa karakana, nikaruka kamba. Nyuma ya mbao zilizosimama kulikuwa na mtu anaruka pia.

Nikampigia kaka, nikamweleza yote. Akasema kimbia wewe. Yeye kazoea kukimbia mechi nzima bila kugusa mpira.

Nililia kwenye kochi la mteja. Nimelipangusa.

Jumatatu, 31 Machi

Mizani ya mwisho ni leo mchana. Nikaenda uwanjani alfajiri, polepole, kwa ajili yake. Nyuma kimya. Nikazunguka nusu uwanja — kimya. Sijawahi kuuchukia ukimya namna ile.

Kisha nikazisikia zile hatua. Mbele yangu.

Hakuna mtu. Vumbi tu linaruka, na alama zinatokea chini moja baada ya nyingine. Miguu mitupu, iliyovimba. Vidole vimenielekea mimi, lakini zinakwenda, zinaniacha. Alikuwa akiondoka huku ananitazama.

Nikaita, kaka, nisubiri! Zikapita golini, zikavuka mstari, zikashika barabara. Nimekimbia kama sijawahi kukimbia, kifua kinawaka, suruali mkononi. Hata kumkaribia sikumkaribia. Kwenye lami alama zikaisha.

Sasa niko nyumbani, mezani. Simu imeita ikakatika. Shemeji. Mke wangu kasimama mlangoni, anasema pokea basi, baba watoto, labda anauliza tu habari za mizani. Labda. Nimemwambia ngoja nimalize mstari huu.

Inaita tena. Naandika.

Nilijisifu kwamba nina bahati. Uongo. Sina.