Mwiba wa Mpumbu

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Ziwani tangu alfajiri, familia nzima, mitumbwi miwili kama kawaida. Mimi, mke wangu Felisita na watoto katika mmoja. Mama yake na kaka wa mama katika mwingine. Mama mkwe amenipa mgongo, kitenge kichwani. Miaka tisa ya ndoa sijamtazama usoni. Ndiyo heshima ya huku: mama mkwe unamkwepa mpaka wakwe wakupikie chakula na pombe na kukuingiza rasmi nyumbani kwao. Mwaka juzi walitaka kuniingiza. Nikasema nina kazi nyingi zahanati. Ukweli, niliona ni mambo ya kizamani.

Tulipiga maji kwa fimbo, samaki wakakimbilia wavuni. Samaki waitwao pale walikuwa wengi, na mpumbu, wale wenye miiba mikali, watatu wanene. Felisita amewapika mpumbu kwa nyanya na chumvi tu. Mmoja wao amepelekwa kwa mama yake. Nimekula mpaka mkanda umenibana.

Jumapili, 5 Agosti

Mama mkwe hakuja kanisani. Mwiba umemkwama kooni tangu jana. Mwiba wa mpumbu, samaki niliyemvuta mimi. Wamempa matonge makubwa ya bukari, ugali wa huku, ameze bila kutafuna, ili yausukume. Ndivyo wanavyofanya hapa wote. Nilipaza sauti kutoka nje ya ua kwamba waache, yatauzamisha zaidi. Walikuwa wameshamlisha la tatu.

Jumatatu, 6 Agosti

Hii ndiyo kazi yangu. Kutoa miiba kooni nilifundishwa ng'ambo ya ziwa, Kongo: tochi, kijiko, koleo dogo, dakika mbili. Nimemtuma Felisita akamwombe. Akarudi.

“Mama anakatala. Anasema mukwe kuona mu kinywa yake, heri afe.”

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 7 Agosti

Asubuhi nimemfundisha Felisita kushika koleo. Amejaribia kwenye kinywa changu. Mchana akaingia kwa mama yake, mimi nikasimama nyuma ya ukuta wa matete nikimwelekeza. Bana ulimi. Mulika. Usiharakishe.

“Naiona,” akasema, “lakini inateleza.”

Mara nne. Mara ya tano damu. Nikasikia mama mkwe analia. Nikamwambia Felisita aache.

Jumatano, 8 Agosti

Shingo imevimba. Hata kumeza mate kunampa shida. Hospitali ni mbali na lori la samaki limevunjika ekseli. Nimekwenda kwa kaka yake mama mkwe, mkubwa wa ukoo. Nimepiga magoti. Niingizeni leo, nimwone.

“Mukwe, tulikuita, ukakatala,” akasema. “Pombe ya kukuingiza inaomba siku ine kuiva.”

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniuma.

Alhamisi, 9 Agosti

Homa. Anaweweseka. Mimi zahanati kutwa, nafunga vidonda vya watu wasiokuwa na haraka. Koleo mfukoni. Sifai kitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Kaka yake ameamua: bila pombe. Kuku mmoja, bukari, samaki. Wameninawisha mlangoni, nikala tonge moja mbele yao wote, nikaingia.

Alikuwa mkekani. Yeye ndiye aliyenitazama kwanza. Ana macho ya Felisita. Akajaribu kufungua kinywa mwenyewe, mbele yangu, bila aibu. Taya likagoma. Uvimbe umelifunga, hata kidole hakipiti. Nilijaribu kwa kijiko, nikajaribu kumkanda kwa maji ya moto. Mwisho nikaweka koleo chini.

Nikamwambia, pole, Mama. Neno la kwanza kumwambia tangu nioe.

Jumamosi, 11 Agosti

Amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Sasa naruhusiwa.

Jumatatu, 13 Agosti

Tulizika jana. Leo hakuna aliyekwenda ziwani. Majirani wameleta bukari na pale wa kuchemsha.

Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa kando. Kaka wa marehemu akaniita niende kwenye bakuli la wakubwa. Nikaenda. Tulikula polepole, kila mtu akichambua miiba yake. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa angalau mmoja anilaumu.

Mzee huyo alichukua kipande cha mgongoni, akakitoa miiba yote kwa vidole, akaniwekea upande wangu. Nilikila chote.