Mama Yako Ameegesha Mwenyewe

Mpendwa Marlys,

Ulinituma nimrudishe mama yako Ohio kabla hajaiponda hiyo nyumba yake ya magurudumu. Nilimkuta hapa Arizona akiiegesha kinyumenyume kwenye kambi ya nyumba kama hizo, na wastaafu wenzake wametoa viti wamtazame, kama wanavyomfanyia kila mgeni.

"Mama, mumeo yuko wapi akuelekeze?" mmoja akamtania.

"Majivu yake yako kiti cha mbele," akajibu. "Hata akiwa hai alikuwa ananielekeza kwenye miti."

Wakacheka. Akaiingiza mara moja, imenyooka, bila kugusa kitu. Aliposhuka akaniona nimesimama pembeni.

"Shemeji, umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kunywa kahawa," nikamwambia.

Kile chumba ulichomwandalia, mpe mtu mwingine.

Baba yako mdogo,
Thayer