Pipi za Mnanaa za Mjomba

Mdogo wangu,

Ukirudi kutoka kituo cha polisi, chakula kiko kwenye sufuria nyekundu. Pasha moto kwanza. Fundi bomba akija, mfungulie. Gari limebaki kituoni na funguo ninazo mimi, kwa hiyo usijisumbue kuzitafuta.

~~Mwisho wa mwezi tafuta pa kuishi.~~ Nimelifuta hilo, ila usijifanye hukulisoma.

Najua umeninunia. Asubuhi pale barabarani askari mwenzangu alishaanza kukupungia mkono upite, maana askari wote wanajua wewe ni mdogo wangu. Nawe ukatoa kichwa dirishani, "Dada, shikamoo!", meno yote nje, na wapwa zako wamekaa nyuma na mabegi yao ya shule. Harufu ya pombe ilinifikia kabla ya hiyo shikamoo. Ndiyo maana nilikupa kifaa cha kupima pombe upulize mbele za watu. Unasema ulilala, ukaoga, ukanywa na kahawa. Kifaa hakina habari na kuoga kwako.

Watoto niliwapeleka shule mwenyewe, kwa miguu, na sare yangu ya kazi. Njiani yule mdogo akaniuliza, kwa nini leo pipi za mnanaa za Mjomba zimekataa kufanya kazi, wakati siku zote huwa zinafanya?

Nimemwambia jioni akuulize wewe.

Dada yako