Meneja Anataka Niwaambie Wazee Mtambo Wao ni Ng'ombe wa Kufugiwa

Mama Mshauri, kabla hujaendelea kusoma nakuomba neno lolote la humu lisimfikie mtu, na ukichapa ondoa jina langu, maana Moshi ni ndogo.

Mimi ni karani mpya katika kampuni binafsi ya kununua kahawa, na kwa sababu nilimaliza kidato cha sita ndiye ninayemtafsiria mgeni wetu mwenye kampuni, asiyejua Kiswahili, na Jumamosi tunapanda Kilema kukutana na wazee wenye mtambo wa kumenya kahawa, akiwemo mjomba Basili aliyenilea. Mgeni atasema "take over", na maneno hayo nimeyasoma: mlinzi akimpokea mwenzake zamu ni hayo, dereva akishika usukani mwenzake akichoka ni hayo, lakini kampuni ikiyasema juu ya mtambo ina maana inauchukua uwe wake moja kwa moja, na mgeni mwenyewe amenithibitishia hivyo. Sasa meneja wetu, Bwana Aristides, ameniita pembeni akasema, "Wewe waambie ni kama kumpa mtu ng'ombe akufugie, basi. Mambo ya shule waachie walimu." Kwetu anayefuga ng'ombe wa mwenzake hupata maziwa na samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, siku akimtaka anakwenda kumchukua, kwa hiyo wazee wataridhika na kuweka sahihi. Tangu hapo meneja ananichekea mno, jana kaninunulia viatu, ati Kilema kuna tope, na kila nikiinua simu namwona mlangoni. Nikikataa nafukuzwa, nikikubali mjomba anapoteza mtambo kwa mdomo wangu.

Usinijibu kwa anwani ya ofisi wala usipige simu. Mpelekee Priska, fundi cherehani wa Njoro, bahasha isiyo na jina, aambiwe ni ya mwenye suruali ya kijivu.

JIBU

Mwenye suruali ya kijivu, pole, lakini usijifanye hujui la kufanya. Umenieleza maana zote bila kukosea hata moja. Unachotaka ni ruhusa ya kuogopa, na hiyo sikupi.

Jiulize: Aristides anajua Kiswahili, kwa nini asiwaambie wazee mwenyewe? Kwa sababu wewe ni mtoto wao. Siku wakigundua, atasema karani alikosea, na wewe utakuwa umevaa viatu vyake.

Virudishe viatu, sema vinakubana. Kabla ya Jumamosi panda kwa mjomba, umsalimie, umweleze yote mkiwa wawili, na umwombe mwalimu mmoja anayejua Kiingereza akae karibu na wazee, usiwe shahidi peke yako. Mkutanoni tafsiri alichosema mgeni, usiongeze ng'ombe. Aristides akimtaja huyo ng'ombe, mwache amlete kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo mjomba asimame aulize, "Na siku tukimtaka ng'ombe wetu, yaani mtambo huu, mtaturudishia?" Mtafsirie mgeni swali hilo kama lilivyo. Kisha watafsirie wazee jibu lake, kwa sauti, kalamu zikiwa bado mezani.