Kamera Isiyo na Mtu Nyuma Yake

Mpendwa Bi Nuriya,

Kuna sauti iliyonikaa sikioni tangu harusi ya dada yangu Muzna, tak, ndogo kama punje ya mtama ikiangukia sinia, na nakuandikia unisaidie kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeisikia katikati ya matari na vigelegele, na kila nilipoisikia nilijua kwamba mama, kule juu chumbani, amepiga picha nyingine.

Baba alifariki kabla ya harusi na aliusia isiahirishwe, kwa hiyo wanawake wakakusanyika alasiri uani kwetu, hapa mjini Seiyun, na mama, aliye edani, katika miezi ya mjane kukaa ndani asihudhurie sherehe, akabaki chumbani mwake dirisha limerudishwa, akiisikiliza harusi ya mwanawe kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha kwa jirani. Sikuweza kuvumilia. Mimi ndiye mpiga picha wa sherehe za wanawake mtaani, na nina kamera ya dijitali inayoongozwa kwa simu: unafungua programu, simu inashika mtandao wa kamera yenyewe, na kila inachokiona kamera kinakuja kwenye kioo mkononi mwako, ukigusa, inapiga. Kuta zetu za udongo ni nene, zinameza mtandao, basi nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu chini kabisa ya dirisha la mama, nikapanda nikampa simu.

"Mama, gusa hapa."

"Mimi tena? Nitakuharibia, mwanangu."

"Haiharibiki. Mtazame Muzna."

Akatazama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyechungulia kisimani akaona mchana mwingine chini ya maji, nami nikashuka taratibu nisije nikamwamsha.

Sasa kosa langu. Kwetu simu zote huachwa kapuni mlangoni, na mpiga picha hutangaza "Napiga!" kabla hajapiga, asiyetaka akajifunika, na kamera isiyo na mtu nyuma yake, kila mwanamke anajua, imelala. Waliponiona nimekaa mbali nayo, mikono mitupu, wakavua mitandio, wakafungua nywele, wakacheza, huku mama anapiga, nami nikanyamaza.

Asubuhi yake shangazi Ghaliya, dada yake baba, alimkuta mama na ile simu.

"Mtu yuko edani, anachezea simu? Na nywele zetu zimo humu!"

"Wifi, nilikuwa namtazama mwanangu tu."

"Mwanao ana kichwa kimoja, wifi! Humu mna vichwa vya mtaa mzima!"

Amesema zifutwe zote kabla ya Ijumaa, la sivyo atatangaza, na akitangaza hakuna mwanamke atakayenifungulia mlango tena.

Ningefuta, Bi Nuriya, wallahi ningefuta, ila kuna moja. Ni ya shangazi mwenyewe, kichwa wazi, kidevu juu, anacheka. Shangazi hajawahi kucheka mbele ya mama tangu mama alipoolewa katika ukoo huu, huja kwetu uso umekazwa, anakunywa chai, anaondoka, kwa hiyo mama hakujua kwamba akicheka shavu lake huingia ndani palepale lilipoingia la baba na taya lake hupinda vilevile, na baba hakuacha picha yoyote anayocheka maana kamera ilimtia woga. Mama huilaza simu kifuani. "Ndivyo baba yako alivyonicheka nilipounguza mkate wangu wa kwanza," ananiambia, kisha anakwenda mahali ambapo siwezi kumfuata. Nikiifuta, namzika baba mara ya pili, nikiinakili kwenye kadi nyingine hakuna atakayejua, lakini nitakuwa nimeuiba uso wa mtu. Nifanye nini?

Mwenye kamera, Seiyun

*

Mwenye kamera,

Poleni kwa msiba, na mpe mama yako salamu zangu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Usijifiche nyuma ya mama yako. Aliyegusa simu ni mjane mwenye hamu na mwanawe. Aliyejua kwamba kamera iko macho ni wewe, na wanawake walivua mitandio kwa kuiamini mikono yako mitupu. Mambo ya eda waulizeni wenye elimu hiyo, mimi simo. Na hayo ya kuzika mara ya pili ni maneno matamu kwenye karatasi, binti yangu, lakini uso ule una mwenyewe, na bado yu hai, na hujamuuliza.

Basi usingoje Ijumaa, wala usinakili kitu. Chukua simu uende nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kila mmoja aone yake, na asiyeitaka aifute kwa kidole chake. Anza kwa shangazi yako. Mwambie yote, pamoja na shavu na taya, kisha mkabidhi simu na ufunge mdomo. Usimlilie, maana machozi yako yatakuwa ni kumshika mkono asifute. Akifuta, toa na kadi ya kamera, maana picha zimo humo pia, uifute mbele ya macho yake.

Bi Nuriya

*

Bi Nuriya,

Nimekwenda. Shangazi alinipokea kwa "Ehe, msomi, umeleta ushahidi?" Nikamweleza yote. Akaitazama ile picha mpaka chai ikapoa, akagusa taya la kwenye kioo, kisha lake.

"Sikujua kama nilicheka," akasema. "Kaka yangu yuko kaburini, na mimi nacheka hivi."

Akafuta. Nikatoa kadi nikaifuta mbele yake, mdomo nimeufunga. Kwingine wapo waliojicheka wakaziacha, wapo waliofuta, na mmoja alinifukuza kabla sijavua viatu, ana haki.

Mama nilipomwambia aligeukia ukutani.

Leo alasiri shangazi amekuja bila kualikwa. Amepanda moja kwa moja hadi chumbani, amevua mtandio, akautupa juu ya kitanda. "Haya, wifi, nisogezee huo mto. Leo sina haraka." Mlango haukufungwa. Kutoka ukumbini nimeliona shavu lake upande mmoja, na mama amemwelekea, anasema jambo kwa sauti ya chini, na lile shavu likaanza kuingia ndani.

Kamera haikuwamo nyumbani. Nilikwisha kuipeleka kwa Muzna tangu jana, nikamwambia aifungie kabatini mpaka mama atoke eda.