Shina la Mgomba Badala ya Ambakisye

Tabora

Kwa Tata yangu mheshimiwa,

Ndaga, Tata. Namwomba mwinjilisti anayekusomea akuulize kwanza kwa niaba yangu: kifua kimetulia? Mama angali analala akiuelekea mlango? Mpunga wa Ngonga umesalimika na mafuriko? Mimi ni mzima. Nafundisha hesabu, nala, navaa viatu.

Barua yako ilinikuta katika ubishi. Nilimwambia Mwalimu Shabani, mwenzangu wa Pwani, kwamba laki moja, elfu thelathini na moja na sabini na moja ni namba tasa: haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Chukua punje moja ya mpunga, iongeze maradufu mara kumi na saba, kisha ondoa punje moja, ndiyo hiyo. Akacheka: “Sheikh, namba haijamwibia mtu. Mbona waihoji kama akida?”

Nikaihoji. Kila nilipogawanya, kitu kilibaki. Nilipofika mia tatu hamsini na tisa, tasa ya mwisho ya kujaribiwa, ikabaki thelathini na sita, niliweka kalamu chini. Mia tatu sitini na tatu mara yenyewe imeshaipita namba ile. Na kigawanyo kikubwa hakitembei bila mwenzake mdogo, nao wadogo nilikwisha kuwamaliza. Nilijua pa kukomea. Nilijivuna.

Ndipo nikasoma kwamba baba wadogo wanataka kuzika shina la mgomba badala ya kaka Ambakisye. Tangu avuke mto Songwe na mizigo ya askari wa vita, wameuliza kambini, misheni na kwa wapagazi waliorudi; kote wamejibiwa hayupo. Wanangoja neno langu, mwana uliyebaki naye, ili matanga yafanyike na mkewe Tusekile awe huru.

Tata, hoja yao ina tundu. Waliulizwa waliorudi, wasiorudi nani amewauliza? Kwa namba nilikuwa na mpaka. Kwa kaka, mpaka uko wapi?

Juzi msafara wa wapagazi ulipita mbele ya shule. Mmoja alibeba mzigo shingo ikiwa imeinama kushoto, kama kaka. Nikatoka mbio, nikamwita. Akageuka, mtu mzima nisiyemjua. “Mwalimu,” akasema, “kila kituo naitwa jina la ndugu ya mtu. Nimechoka kugeuka.” Akaenda zake.

Tangu hapo, nikiandika ubaoni, nasikia pumzi ya Ambakisye kisogoni. Sigeuki, kwa kuwa nikigeuka nitaona wanafunzi tu.

Neno langu ni hili. Mgomba msiuzike; sitakiri lisilothibitika. Lakini Tusekile asifungwe na ukaidi wangu. Mwacheni huru mbele ya wazee. Akitaka kuolewa, aolewe.

Nisalimie Mama, na bibi mfinyanzi, na baba wadogo; wakikasirika, wanibishie kwa barua. Na Tusekile mwambieni kwamba shemeji yake amesema asingoje nimalize kutafuta, kwa maana sitamaliza.

Ndimi mwanao,
Asajile