Namuogesha, Namlisha, Lakini Simsemeshi

Mama Rhoda, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu, na ninakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili sijamwambia mtu yeyote, si mume wangu, si padre kwenye kitubio, na majina yote humu nimeyabadili kwa sababu huku Kasense tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Laela, nimeolewa hapa mwaka wa kumi na tano sasa na Yusto, fundi seremala anayekwenda karakana mjini Sumbawanga asubuhi na kurudi jioni, na mimi nabaki na shamba letu la mahindi na ulezi na watoto watatu, wote wanasoma. Kabla ya hawa watatu tulipata mtoto wa kike, Salome, muuguzi akambatiza kwa maji ya kwenye kikombe maana alikuwa hapumui vizuri, akaishi siku tatu. Siku ya mazishi mama mkwe wangu, Mama Luciana, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwa Kifipa, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba mwanawe ameoa tumbo ambalo ni kaburi. Mimi nimekaa mkekani, maziwa yananitoka yanalowanisha kanga, na hakuna aliyemjibu, hata Yusto, aliangalia chini. Baadaye mama akahamia Muze, kule chini bondeni, kwa mwanawe mdogo, mimi nikazaa hawa watatu, na kila alipopanda kuja kuwaona alikuwa anawabeba na kucheka kama mtu ambaye hajawahi kusema neno. Kuniomba radhi, hata siku moja.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Kule Muze wakasema hawamwezi. Yusto akaniuliza, "Mke wangu, tumlete?" Nikasema tumlete, tena nikasema haraka mpaka machozi yakamtoka kwa kunishukuru. Basi namuogesha kila siku kwa maji ya moto maana baridi ya huku unaijua, namgeuza, namfulia, namlisha uji wa ulezi kwa kijiko, na mgongo wake hauna kidonda hata kimoja, muuguzi wa zahanati amenisifu mbele ya watu. Lakini Mama Rhoda, simsemeshi. Miezi saba sasa. Yusto na watoto wakishatoka naingia chumbani nimefunga mdomo, nafanya kazi yote, natoka. Mwanzoni alikuwa ananianza yeye, mtu mzima, "Umeamkaje, mwanangu?" na mimi kimya, nakamua kitambaa, mpaka akaacha. Jioni Yusto akiingia sauti yangu inarudi, mama uji wako huu hapa, mama nikuongezee mto, na yeye ananitazama tu.

Nilijiambia sitendi dhambi, hakuna amri inayosema zungumza na mama mkwe wako, na kwenye kitubio nikawa nataja hasira za watoto na uongo mdogo mdogo, hili naliruka. Jumuiya ikisali nyumbani kwangu, Baba Yetu ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, najikohoza.

Sasa yametokea mambo mawili. Siku moja nilikuwa napita dirishani kwake na ndoo ya maji ya moto, nikasikia anaongea, nikashangaa ni nani kaingia, kumbe ni redio. Mtangazaji amesema, "Natumaini mmeamka salama wasikilizaji," na mama anamjibu, "Salama mwanangu, mguu tu ndio unanisumbua." Nikaweka ndoo chini. Sikuingia, lakini nilisimama pale mpaka maji yakapoa.

La pili ni la wiki iliyopita, tunakula, Yusto akauliza kwa utani, "Mama, hivi ninyi wawili mnaongea nini kutwa nzima?" Mkono wangu ukabaki kwenye ugali. Nikajua leo ndiyo leo. Mama akajibu polepole, maana mdomo wake umepinda, "Mengi. Ananisimulia habari za kwao Laela." Hakunitazama. Yusto akacheka kwa furaha, mimi nikaenda nje nikasingizia moshi.

Na kama hiyo haitoshi, Mzee Modesti, mwenyekiti wa jumuiya yetu, amekuja kuniambia parokia imenichagua nitoe ushuhuda Jumapili ya akina mama, dakika kumi, jinsi ya kuishi imani ndani ya nyumba, kwa mfano wa ninavyomhudumia mama mkwe, na mdomo wangu ukasema ndiyo mzee. Zimebaki Jumapili tatu. Nikikataa wataniuliza sababu, nikisimama nitakuwa nasema uongo mbele ya altare, na mama nikitaka kumsemesha sijui neno la kwanza liwe lipi, halafu namkumbuka Salome, hasira inarudi ileile. Nifanye nini, mama?

Mimi mwanao, Kasense

*

Marahaba, mwanangu. Jina hukuliandika, kwa hiyo mimi nitakuita Hilaria, tupate kuongea vizuri.

Kwanza pole ya Salome. Naisema leo kwa sababu inaonekana siku ile hukupewa pole iliyokufikia. Maneno ya mama mkwe wako yalikuwa ya kikatili na mahali alipoyasemea palifanya yawe mabaya zaidi. Asikudanganye mtu kwamba Mkristo mzuri angekuwa ameyasahau. Mama hasahau maneno yaliyosemwa juu ya jeneza la mtoto wake.

Sasa nikugombeze. Unasema ulijiambia hutendi dhambi. Hilaria, ulijua. Ungekuwa hujui, sauti yako isingekuwa inarudi jioni mumeo akiingia mlangoni. Unamlisha mwili wake vizuri sana na hapo hapo unamwadhibu, tena kila siku, mtu ambaye hawezi hata kuinuka aondoke chumbani. Mahabusu anasalimiwa na askari wake. Wewe umemwacha mzee wa watu awe anaitikia salamu za redioni. Hiyo ni adhabu, na umeitoa wewe, bila kumsomea kosa lake, maana siamini kama mpaka leo umewahi kumwambia ni kwa nini.

Na yeye amekutunzia siri. Angeweza kukuharibia mbele ya mwanawe kwa neno moja. Sisemi kwamba ameshalipa alilokukosea. Nasema tu kwamba mlango umefunguliwa kidogo kutoka upande wake, na yeye ndiye mgonjwa.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi ukiingia na beseni, sema, "Shikamoo, mama." Usingoje moyo ulainike kwanza, utangoja mpaka mumzike. Hasira iwepo, we salimia hivyo hivyo. Asipoitikia, keshokutwa salimia tena. Wewe ulimnyamazia miezi saba, huwezi kumdai ajibu siku ya kwanza. Wala salamu yako usiifanye iwe ya kungoja radhi. Salamu ni haki yake kama mtu, radhi ni jambo jingine, nayo ina siku yake.

Siku hiyo chagua Yusto akiwa nyumbani, wakae wote wawili, useme waziwazi. Siku ya kumzika Salome, mama, ulisema hivi. Wewe, mume wangu, uliangalia chini. Mimi nikaumia hivi, na kwa hasira hiyo nimefanya hivi. Useme la kwako pia, usimwache mama abebe lawama peke yake. Na mumeo nina neno naye. Yusto, ulinyamaza siku ile, na leo umemwachia mkeo mgonjwa wako kutwa nzima, unauliza kwa utani wanaongea nini. Jumamosi na Jumapili muogeshe mama yako wewe mwenyewe. Na ndugu yako wa Muze apande huku kila mwezi akae siku mbili, mama ni wenu wote.

Ushuhuda, mwambie Mzee Modesti wiki hii hii kwamba hutasimama. Akiuliza sababu mwambie, "Nyumbani kwangu kuna jambo sijalimaliza." Ni kweli, na inatosha. Kisha nenda kitubio na hili moja tu, hayo ya kuwakasirikia watoto yaache kwa leo.

Huduma uliyomfanyia si uongo, mwanangu. Mgongo usio na kidonda ni kazi ya mikono yako, na Mungu ameiona. Imebaki sauti.

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia Hilaria kabla ya kulichapisha, kwa kuwa Jumapili yake ilikuwa inakaribia. Sasa amenijibu, na kwa ruhusa yake naiweka barua yake hapa.

*

Mama Rhoda, shikamoo tena. Nilisema, "Shikamoo, mama." Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Hakujibu, akageukia ukutani, nikamuogesha hivyo hivyo. Siku ya pili hakujibu. Siku ya tatu nikasalimia huku nimeshakata tamaa, akasema, "Marahaba. Uji wako una maji mengi."

Nikamwambia, mama, una maji kwa sababu ya koo lako. Akasema koo langu ni zima, miezi yote hii nakunywa maji ya kuoshea chungu. Tukabishana, Mama Rhoda, mpaka uji wenyewe ukapoa, nikaenda kuupika upya, mzito, akaumaliza.

Jumapili ile niliyotakiwa nisimame kanisani niliketi benchi la nyuma. Mzee Modesti alikuwa amenisikiliza, akasema, "Basi, mama, limalize kwanza," hakuuliza zaidi. Jioni nikawaweka chini Yusto na mama nikasema yote kama ulivyoniagiza, ya kwao na ya kwangu. Yusto alilia, akasema alikuwa kijana, alimwogopa mama yake. Kisha mama akasema, "Nilisema. Sikuwa na sababu yoyote. Niliona umekaa pale unatazamwa, na mimi nilitaka nitazamwe kwa uchungu wangu. Nisamehe, mwanangu." Halafu akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza, mtoto yule alifanana na nani. Nikamwambia midomo ilikuwa ya Yusto, vidole virefu kama vyake yeye mwenyewe. Akauangalia mkono wake ule mzima.

Jumamosi iliyofuata alitaka apelekwe makaburini. Yusto aliazima mkokoteni wa ng'ombe, tukamtandikia magodoro mawili, shemeji yangu wa Muze akaja naye akashika fimbo ya ng'ombe. Pale kaburini alisali kwa Kifipa, na alimtaja Salome kwa jina. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina hilo kinywani mwake. Kwenye Baba Yetu nilisema yote, neno kwa neno, sikukohoa.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kuna asubuhi naamka namkumbuka Salome, na zamani ningefunga mdomo. Sasa naingia na beseni langu nasema, "Shikamoo, mama. Leo nimeamka na hasira na wewe." Naye ananisogezea nafasi kitandani kwa ule mkono mzima.

"Marahaba," ananiambia. "Njoo ukae, unieleze."